Pimeni kabla ya kinu

Kwako swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka California. Mimi sijambo, naomba nawe na wazee hapo Kilifi mko salama. Umeniuliza: kinu cha nyuklia kikijengwa, iwe Uyombo mlikokikataa au Siaya wanakokutaja sasa, wanakijiji watajuaje kama hewa na maji yao ni salama? Swali hilo limenigusa sana, kwani naishi chini ya milima ya Santa Susana.

Huko juu palikuwa na maabara ya utafiti yenye vinu 10 vya majaribio. Julai 1959 kimoja kilipata joto kupita kiasi, vifurushi 13 kati ya 43 vya fueli vikaharibika. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba hakukuwa na hatari. Wakazi wa mabondeni walikuja kupata habari kamili mwaka 1979, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA kufukua nyaraka. Miaka 20! Ndiyo maana nasema mwenye kinu asiachiwe apime peke yake.

Novemba 2018 moto wa nyika ulioitwa Woolsey ulianzia eneo lile lile. Idara za serikali zikasema haukutawanya sumu. Wakazi wakajitolea kukusanya majivu, vumbi na udongo, sampuli 360, wakishirikiana na wanasayansi wasioajiriwa na wenye eneo. Matokeo yalitoka 2021: nyingi zilikuwa za kawaida, chache zikakutwa na chembe zenye mionzi ambazo watafiti walizihusisha na maabara ile. Mimi naiamini kazi hiyo hasa kwa kuwa hizo nyingi zilizo safi nazo zilitajwa.

Sasa hili lishike. Mionzi imo kwenye mawe, na udongo wa dunia nzima una sesiamu kidogo, yaani madini yenye mionzi, iliyoachwa na majaribio ya mabomu. Hapo Kwale, kilima cha Mrima kina mionzi mingi ya asili kwa sababu ya thoriamu, madini mengine yenye mionzi, na hakuna kinu. Kwa hiyo kipimo cha leo hakikuambii kitu kama cha jana hukijui. Huku ilibidi EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, likachukue udongo mbali, penye miamba ya aina ileile, ili lipate cha kulinganisha. Mwaka 2012 likaripoti kwamba kati ya sampuli zaidi ya 3,700 za eneo la vinu, takriban 500 zilizidi kiwango cha kawaida.

Ninyi bado mna nafasi ambayo sisi hatukuipata. Pimeni mapema: udongo wa juu, maji ya visima, maziwa ya mbuzi, samaki na kaa wa hori ya Mida. Kila sampuli igawanywe kati yenu na mwenye kinu, nusu yenu ipelekwe maabara nyingine. Matokeo yote yabandikwe hadharani, kwa Kiswahili.

Zungumza na wavuvi kwanza, kisha uniandikie wamesemaje. Nitakutumia maelezo ya namna ya kuchukua udongo bila kuuchafua.

Wako akupendaye daima.