Mdhamini wa mkopo naye apigiwe simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini jambo hili nimelibeba mwaka mzima na limeniingia hadi kwenye mifupa.

Dada yangu alifariki Julai 2024. Aliacha watoto watatu. Mkubwa ni binti, wakati ule alikuwa anamalizia mwaka wa pili chuo kikuu, mbali na hapa. Alikuwa anasoma kwa mkopo wa serikali, ada na fedha ya kujikimu. Fomu yake ya mkopo nilisaini mimi kama mdhamini, maana baba yao hayupo. Naikumbuka siku ile: picha yangu ya pasipoti, namba ya kitambulisho cha taifa, muhuri wa serikali ya mtaa, kisha kwa wakili. Namba yangu ya simu niliiandika pia, palepale chini ya jina.

Taarifa ya msiba ilimkuta katikati ya mitihani. Alishafanya miwili, imebaki mitatu. Akapanda basi la alfajiri, akafika usiku sana, na kesho yake tukamzika mama yake. Matanga hayajaanuliwa, mimi nikamwambia arudi.

Mhariri, hapa naomba nieleze vizuri, kwa sababu ndipo kosa lilipotokea. Saa kumi alfajiri tulikuwa stendi ya Masanga. Amejitanda kanga ya mama yake, ile ya kijani aliyokuwa akiivaa sokoni, bado inanuka moshi wa jikoni kwao. Macho yamevimba. Mkononi ana daftari, hajalifungua. Nikampa nauli na kifuko cha dagaa, nikamwambia, "Mwanangu, nenda ukafanye mitihani. Mama yako hakukusomesha ili uiache njiani." Akaitika, "Sawa, Mjomba." Basi. Akapanda, akakaa dirishani, gari likaondoka.

Alifika usiku, asubuhi saa mbili akaingia chumba cha mtihani. Baadaye aliniambia kwamba kwenye ule wa kwanza aliandika jina na namba yake, akayasoma maswali yote, kisha akakaa tu mpaka muda ukaisha. Mitatu yote alifeli. Septemba akarudi kufanya sapu, yaani mitihani ya marudio, huku wadogo zake wawili amewaacha kwangu, mdogo kabisa akiwa analia usiku. Sapu akapata moja, mbili zikamshinda. Wastani wake wa mwaka, ule wanaouita GPA, ukaangukia chini ya 2.0. Akaambiwa arudie mwaka.

Utaratibu wa mkopo kwa anayeendelea na masomo uko wazi. Chuo kinapeleka matokeo kwenye Bodi ya Mikopo, na anayepata mkopo wa mwaka unaofuata ni yule aliyefaulu kuvuka. Anayerudia mwaka hajavuka. Kwa hiyo Oktoba, wenzake waliposaini bumu, jina lake halikuwepo.

Kwa wasiojua, bumu ni ile fedha ya chakula na malazi, inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku na kuingia kwa awamu. Awamu moja kwake ilikuwa laki sita. Ndiyo kodi ya chumba, ndiyo chakula, ndiyo sabuni na vocha. Ikikatika na ada nayo imekatika. Na kwetu ilikatika mwaka mbaya kuliko yote, kwa sababu Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane. Sikatai, ziwa lilihitaji kupumzika, na hata dagaa wenyewe walionekana kuongezeka baadaye. Lakini sisi wa mwaloni miezi ile mitatu tulikula akiba. Ilipofika Oktoba sikuwa na kitu cha kuuza ila kiwanja changu cha Gungu nilichokuwa nimekinunua kidogo kidogo kwa miaka minne. Nilikiuza. Sikumwambia mpwa wangu mpaka karatasi zilipokwisha kusainiwa.

Sasa sikiliza lililoniumiza kuliko kiwanja. Siku anajisajili kurudia mwaka, mfanyakazi mmoja wa ofisi ya taaluma alilifungua faili lake, akaona matokeo, akamuuliza kilichompata. Binti akaeleza. Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza, "Kwa nini hukuandika barua ya kuahirisha mitihani?"

Kumbe ipo barua ya namna hiyo. Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi, au mgonjwa wa kulazwa, anamwandikia mkuu wake wa idara kabla ya mtihani, anaambatanisha kibali cha mazishi au cheti cha daktari, na akikubaliwa ile mitihani mitatu angekuja kuifanya Septemba kama mtihani maalumu. Siyo sapu. Inahesabika kama amekaa mara ya kwanza, alama zake zinabaki kamili, hana doa. Angekaa matanga ya mama yake mpaka mwisho, angelala, angelia, angesoma mwezi mmoja na nusu, ndipo angeingia chumba cha mtihani. Na mkopo wake usingeguswa.

Hakuna aliyemwambia. Kiongozi wa darasa lao alijua kuna msiba, hata rambirambi walichanga wakamtumia kwenye simu. Mwalimu wake mmoja alimpa pole siku aliporudi. Wote wana huruma, nawashukuru, lakini hakuna aliyesema lile neno moja, kuahirisha. Chuo sikitaji, maana nimezungumza na wazazi wengine hapa mjini wenye watoto vyuo tofauti na hadithi zinafanana. Mmoja kijana wake alilazwa kwa homa ya ini akaona aibu kusema. Mwingine binti alijifungua wiki ya mitihani. Wote walijikaza wakaingia chumbani, wakafeli, wakahesabiwa pamoja na wale ambao hawakufungua kitabu muhula mzima.

Wapo hao, sikatai. Wapo vijana ambao bumu likiingia Ijumaa, Jumatatu limebaki la kuulizia. Fedha ile ni ya walipa kodi, na mwenye mkopo akikaa miaka saba kwenye shahada ya miaka mitatu, kuna mtoto mwingine wa Uvinza au Buhigwe amekosa nafasi. Kwa hiyo sharti la kufaulu ili mkopo uendelee mimi naliunga mkono. Ninacholilia ni kwamba linamkuta mtu bila onyo na bila kuulizwa.

Nilianza kulifikiria hivyo baada ya kuzungumza na mama mmoja Mkongomani tuliyefahamiana enzi zile nikipeleka dagaa soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu. Yeye na wanawe walihamishiwa Marekani miaka kadhaa iliyopita. Tunazungumza mara moja moja kwa WhatsApp. Nilipompa habari za mpwa wangu akasema, "Hata wa kwangu yalimkuta hayo, lakini wao walimwandikia kwanza."

Nikataka kujua zaidi, akamweka kijana mwenyewe kwenye simu, akanieleza taratibu kama mwalimu. Kule sheria ya nchi inakitaka kila chuo kiwe na kanuni ya maendeleo ya masomo kwa kila anayepokea msaada wa serikali. Mambo yanayopimwa ni matatu. La kwanza ni wastani, nao kwa kawaida hudai 2.0, ila kule alama ya juu ni nne, kwetu ni tano. Pili, wanaangalia masomo uliyojiandikisha na uliyomaliza, na vyuo vingi vinadai umalize angalau asilimia 67. Tatu ni muda: huwezi kupita asilimia 150 ya muda wa kozi, maana yake shahada ya miaka minne msaada wake hauvuki miaka sita. Masharti magumu tu, tena mengine yanabana kuliko ya kwetu.

Lakini kijana yule alipoteleza muhula mmoja, alipata barua ya onyo, na muhula uliofuata msaada ukaendelea huku akiangaliwa. Alipoteleza tena, msaada ulisimama, ila barua ile ile ilimwambia anaweza kukata rufaa. Kufiwa na ndugu, kuugua au kuumia ni sababu zinazotajwa waziwazi. Anatakiwa aeleze mambo mawili: kilichomfanya ashindwe, na kilichobadilika sasa ili chuo kiamini hatashindwa tena. Yeye alikuwa anafanya kazi usiku kiwandani kumsaidia mama yake. Akaandika hivyo, akaleta uthibitisho kwamba amehamia zamu ya jioni mwisho wa wiki, chuo kikampangia masomo machache muhula ule, na msaada ukarudi kwa masharti.

Kilichobadilika sasa. Maneno hayo nimekaa nayo sana. Mpwa wangu angeulizwa Septemba ile, angeweza kujibu: nimemzika mama, wadogo zangu wako kwa mjomba, mdogo ameanza kulala usiku. Ni jibu la mstari mmoja.

Najua Marekani ni Marekani, na sehemu ya msaada wao ni ruzuku isiyorudishwa. Wetu ni mkopo, na hili ndilo linalonishangaza zaidi. Mhitimu akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Binti angeacha chuo ile Oktoba, kama kiwanja kisingekuwepo, deni la miaka miwili lingebaki jinani mwake, naye hana shahada ya kumpatia huo mshahara wa kukatwa. Serikali ingelidai kwa nani? Kwa binti aliyeishia kuuza vitumbua Mwanga, hapa mjini? Kumwokoa mwanafunzi mwaka wa pili ni kuiokoa fedha iliyokwisha kutoka.

Ombi langu kwa wanaoandika mwongozo wa mikopo kila mwaka, na kwa wakuu wa vyuo, halihitaji bajeti kubwa. Matokeo ya mwisho wa mwaka yakitoka na mwanafunzi mwenye mkopo ana sapu mbili au zaidi, mfumo umtumie ujumbe wa simu: mkopo wako uko hatarini, kama una sababu njoo dawati la mikopo chuoni kabla ya tarehe fulani. Na ujumbe huo huo uende kwa mdhamini. Sisi wadhamini tulisaini, namba zetu ziko kwenye fomu, lakini hakuna anayetutafuta mtoto anapoanza kuzama. Mimi nilijua mkopo umesimama pale mpwa wangu aliponipigia Oktoba, anaongea taratibu, anauliza kama dagaa wameanza kupatikana. Nikajua tu kuna jambo.

Na wiki ile ya kwanza, wanapowapokea wanafunzi wapya na kuwaonyesha maktaba na zahanati, wawafundishe na barua ya kuahirisha. Waibandike mfano wake ukutani. Mtoto aliyefiwa hana akili ya kutafuta kanuni ya ukurasa wa arobaini kwenye kitabu cha mwongozo.

Wazazi na walezi wenzangu wa Kigoma, hasa sisi ambao hatukufika huko, naomba myashike maneno mawili. Kuahirisha mitihani ni kwa aliyepatwa na jambo wakati wa mitihani. Kuahirisha masomo ni kwa aliyeona hata muhula wenyewe hauwezi, na hapo anaomba kwa barua, anarudi mwakani. Vyote vinafanyika kwa maandishi, kabla, pamoja na ushahidi. Mtoto akikupigia analia, usimwambie ajikaze kama nilivyosema mimi pale Masanga. Muulize kwanza kama ameandika barua.

Mpwa wangu amemaliza mwaka aliourudia. Matokeo yametoka wiki mbili zilizopita, amefaulu masomo yote, na lile la kwanza alilokaa bila kuandika kitu safari hii amepata B. Alinitumia picha ya matokeo saa tano usiku. Nikaamka nikawaamsha na wadogo zake.

Mdogo wake anayemfuata amemaliza kidato cha sita mwaka huu na anaomba mkopo. Fomu iko hapa mezani ninapoandika barua hii. Kesho naipeleka serikali ya mtaa, kisha kwa wakili. Sehemu ya mdhamini nimeshaijaza, na namba ya simu nimeiandika kwa tarakimu kubwa, moja moja, isije ikasomeka vibaya.

Mjomba wao,
Mwalo wa Kibirizi, Kigoma