Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kotesheni Zetu na Picha Zetu

Ndugu wanachama, mafundi wenzangu wa terazo (sakafu ya saruji na vipande vya mawe inayosagwa mpaka ing'ae), pevingi (matofali ya kutandika nje) na zege la nakshi,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mlio saiti ambao mtaisoma taarifa hii kwenye simu jioni. Hesabu za fedha mweka hazina amekwisha kuzigawa, na habari za mafunzo ya mashine za kusagia sakafu anazo katibu. Sitazirudia. Muda wangu wote nautumia kwa jambo moja, namna tunavyoandika kazi zetu.

Mwaka huu nimekaa katika kila kikao cha usuluhishi kati ya wanachama na wateja. Nilitegemea kusikia habari za mchanga wenye chumvi, saruji iliyoganda stoo, au vijana waliopiga niru, lile rojo la saruji la kulainisha uso, jua la saa saba. Zilikuwepo, ila chache. Mara nyingi tulikuta sakafu ni nzuri na ugomvi uko kwenye karatasi: kotesheni, yaani karatasi ya kazi na bei tunayompa mteja, ya mstari mmoja; makubaliano ya simu ambayo kila mtu anayakumbuka kivyake, au neno "finishingi" ambalo fundi analielewa hivi na mwenye nyumba vile.

Na mimi yamenikuta. Nilimwandikia mama mmoja: "Terazo sebule, korido na ngazi, vifaa na ufundi." Kwangu mimi ngazi ilikuwa pale mguu unapokanyaga. Yeye alihesabu pia uso wa mbele wa kila kidato, pamoja na ubavu wote unaoonekana ukiwa sebuleni. Nilipoisoma upya karatasi yangu nikaona kwamba haki ni yake, kwa kuwa hakuna neno hata moja pale lililomkatalia. Nikamaliza kwa fedha yangu. Faida iliondoka yote, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alilipa bila furaha, na mteja asiye na furaha hamwelekezi ndugu yake kwako hata kama sakafu inang'aa kama kioo.

Tuchukue mfano wa baraza la mita 6 kwa 5. Ni mita za mraba 30, hilo wote tunaliandika. Unene je? Zege la sentimita 10 ni mita za ujazo 3. Likiwa la sentimita 7 na nusu, ni 2.25. Robo nzima ya zege imepotea hapo, na mteja anayelinganisha kotesheni mbili haioni, anachoona ni kwamba fundi wa pili ni nafuu. Ukiandika unene na mwenzako asiuandike, mteja ataanza kuuliza maswali, na maswali hayo yanamlinda fundi mkweli. Ndiyo maana naomba kila kotesheni ya mwanachama itaje unene, uwiano wa mchanganyiko, kama kuna wavu wa chuma au hakuna, nani anavunja sakafu ya zamani na kutoa kifusi, maji na umeme ni wa nani, na bei kama ina VAT ndani au haina. Haya hayazidi nusu ukurasa.

Halafu kuna suala la nyufa, na hapa nitasema kwa uwazi kwa sababu linanikera kwa muda mrefu. Baadhi yetu tunaandika kwenye matangazo "sakafu isiyopasuka kamwe". Kila fundi humu ndani anajua kwamba zege likikauka linasinyaa. Kazi yetu ni kuuchagulia ufa mahali pa kupita. Kwa zege la sentimita 10 tunakata mikato kila baada ya mita 3 hivi, na kwenye terazo tunapanga vibanzi vya shaba au alumini ili sakafu igawanyike kwenye mstari ulionyooka. Kwa nini tumfiche mteja elimu nzuri namna hii? Mwandikie: "Zege lote husinyaa. Tutakata mikato kufuata mchoro huu ili nyufa zifuate mstari. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kutokea, hauharibu sakafu. Ufa unaopanuka au ambao upande mmoja umenyanyuka, tuite, tutakuja kuutazama." Mtu aliyesoma hivyo kabla ya kazi hatakupigia kelele miezi sita baadaye. Tena ahadi ya uongo kwa mnunuzi ni kosa kisheria, kwani Sheria ya Ushindani wa Haki ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza matangazo yanayopotosha. Kamati imeamua, na mkutano huu utapiga kura: maneno "haipasuki kamwe" na "garantii ya maisha" yasitumiwe na mwanachama yeyote.

Rangi nayo ina maneno yake. Zege bichi hukolea kuliko likikauka, na rangi ileile ikichanganywa na saruji ya kijivu haifanani na ilivyo kwenye saruji nyeupe. Mteja anayeonyeshwa kipande cha karatasi chenye rangi atategemea karatasi ile. Tumpe sampuli ya zege lenyewe, kigae cha sentimita 30 kwa 30 kilichokauka, tuandike tarehe na vipimo vya mchanganyiko mgongoni, kimoja abaki nacho na kingine tubaki nacho. Kwenye kotesheni iandikwe kwamba sampuli hiyo ndiyo kipimo na kwamba tofauti ndogo ya kivuli ni ya kawaida. Na iandikwe pia siku za kumwagilia maji, siku ya kuruhusu miguu, na siku ya kuingiza gari. Gari la mteja lililoingia siku ya tano limeshatuletea kesi, wakati kipimo cha nguvu ya zege tunakihesabu kwa siku 28 na hakuna aliyemwambia.

Nimeulizwa kama hati hizi ziandikwe Kiingereza ili zionekane za kitaalamu. Jibu langu ni hapana, isipokuwa mteja mwenyewe akiitaka lugha hiyo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo karatasi ya Kiswahili ina uzito wote unaouhitaji. Na mkataba wa mdomo ni mkataba pia, shida ni kuuthibitisha. Nimeona kotesheni zilizonakiliwa kutoka intaneti zenye maneno ambayo aliyezipeleka hakuweza kumweleza mteja. Usisaini usichoweza kukisoma kwa sauti na kukieleza.

Sasa matangazo. Wateja wengi wanaanza na ujumbe mfupi, "Mita moja bei gani?" Wengi wetu tunajibu kwa tarakimu peke yake, kisha tunalalamika kwamba mteja kakimbia. Mteja huyo hajui bado anachonunua. Msalimie, mpe bei ya kuanzia, mwambie inahusu nini, kisha muulize maswali mawili: ni ndani au nje, na chini kuna nini sasa, udongo au sakafu ya zamani? Mwombe picha. Ujumbe wa mistari minne unamwonyesha kwamba anaongea na mtu anayeijua kazi.

Kuhusu picha nasema kwa uchungu. Kuna wanachama wanaotumia picha za njia za magari za Marekani kana kwamba ni kazi zao. Mteja akiomba kwenda kuiona, utampeleka wapi? Na kuna desturi ya kumwaga maji sakafuni kabla ya kupiga, rangi ikolee na ing'ae. Sakafu hiyo haitakuwa hivyo siku ya makabidhiano. Piga ikiwa kavu, mchana, picha moja ya mbali na moja ya karibu inayoonyesha ukingo na mikato, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, bila sura za watoto wake wala namba ya nyumba. Kisha rudi baada ya mwaka upige tena palepale. Picha ya sakafu iliyokwisha kukanyagwa mwaka mzima ina nguvu kuliko tangazo lolote, na ziara yenyewe huleta kazi. Terazo za ofisi na hospitali zetu za zamani zimetutangaza miaka mingi bila mtu kulipia bango.

Kamati imeandaa mfano wa kotesheni wa kurasa mbili, katibu anazo nakala. Haujakamilika, na mafundi wa pevingi wameshasema sehemu ya mifereji ya maji ya mvua ni fupi mno. Wako sahihi, tutairefusha kabla ya masika.

Kikao cha kwanza cha mwaka mpya kila mwanachama aje na kotesheni yake ya mwisho, jina la mteja likiwa limefunikwa. Tutawaalika watu wawili wasio mafundi wazisome kwa sauti, watuambie wameelewa watapata nini, kwa bei gani na lini. Ya kwangu itasomwa ya kwanza.

Naomba kuwasilisha.