Ua la matabaka: maandalizi ya Jumamosi

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane palepale Mwanjelwa, tutengeneze ua la karatasi zilizokatwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Leteni karatasi ngumu za manila za gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, na mzibebe ndani ya faili la plastiki. Mvua hizi za Mbeya zinaijaza hewa unyevu, na karatasi iliyonyonya unyevu huchanika chini ya kisu cha mashine ya kukatia badala ya kukatika.

Mashine ikimaliza kukata, tafadhali msivute karatasi kutoka kwenye mkeka wake unaonata. Geuzeni mkeka kifudifudi mezani, mkunje mkeka wenyewe taratibu mpaka uachie. Karatasi itabaki imenyooka. Kazi nyingi nzuri huharibikia hapo, na inaniuma kuona petali zilizokatwa vizuri zimejikunja.

Andikeni namba kwa penseli nyuma ya kila tabaka. Pangeni yote kwanza bila gundi, mhakikishe kila tundu linaonyesha rangi ya chini yake. Kisha gundi, nukta ndogondogo tu, mbali na kingo. Tabaka la juu tutaliinua kwa tepu ya sponji.

Asiye na mashine aje vilevile, tutatumia yangu. Mnaokuja nijibuni hapa kabla ya Ijumaa, niandae mikeka ya kutosha.