Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tuuze ng'ombe wangali na nyama

Ndugu wanachama,

Hesabu za ranchi mmeshazipata kwa mhazini, na bwawa la juu limefukuliwa matope. Nafasi niliyobaki nayo naitumia kwa jambo moja: kupanga idadi ya ng'ombe wetu kwa msaada wa modeli ya kompyuta.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 hakuna aliyeusahau. Misimu mitano mfululizo mvua ilikuwa haba, na Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Hapa Taita Taveta watu waliuza ng'ombe wamebaki mbavu, kwa bei ya kutupa. Wanunuzi walikuwapo tangu mapema. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia nyasi zitaisha mwezi gani.

Modeli inalijibu swali hilo. Inapewa mvua iliyonyesha, aina ya udongo, picha za setilaiti na idadi ya mifugo, kisha inakadiria malisho yatakayobaki mwezi kwa mwezi. Kwetu inafaa zaidi kwa vuli, kwa kuwa mvua hizo hufuata kwa karibu joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, hivyo hutabirika kuliko masika.

Lakini setilaiti huona kijani, haijui kipi kinaliwa. Upande wa magharibi ilituonyesha malisho mazuri, wachungaji wakasema pale ni vichaka vitupu. Vijana wakaenda na fremu ya waya, nusu mita kwa nusu mita. Unaitupa chini, unakata nyasi zote zilizo ndani, unazianika hadi zikauke kabisa, unapima. Gramu 25 zina maana ya kilo 1,000 kwa hekta. Ng'ombe wa kilo 250 hula nyasi kavu kama kilo 6 kwa siku. Tukimpa asilimia 30 tu, zinazobaki zishike udongo na kuchipua tena, hekta hiyo inamtosha siku 50. Upande wa magharibi haukufika hata karibu na hapo. Wachungaji walisema kweli, na takwimu za modeli zimerekebishwa. Ndiyo maana nawaomba wazee wenye shaka na kompyuta waendelee kutuambia wanayoyaona, maana bila wao itatupotosha.

Kuna walaji ambao modeli haiwajui: tembo wanaotoka Tsavo, na mifugo inayoingizwa usiku bila ruhusa. Hao lazima tuwahesabu wenyewe.

Kamati inapendekeza hivi. Kila Januari, vuli ikishaisha, tukae na makadirio ya modeli, vipimo vya fremu na taarifa ya ukame ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame. Malisho yakionekana hayafiki masika, maksai na majike wazee wauzwe mwezi huohuo, mitamba ibaki. Wafugaji wanaokodi malisho kwetu nao wawe na kifungu cha kuondoka katika mkataba. Najua hapa ndipo penye uzito, kwa sababu kodi yao ndiyo inayolipa walinzi, na mwaka mbaya tutaikosa wakati tunaihitaji mno. Hata hivyo nasimama na pendekezo hili: ardhi ikishabaki vumbi, hakuna atakayekuja kuikodi.

Kura itapigwa kifungu kwa kifungu. Kila mwanachama afike na idadi kamili ya ng'ombe wake, ndama wakiwemo.

Mwenyekiti