Wakati wa kusi, dirisha la kusini

Mhariri,

Picha nyingi za mamodeli wapya wa sanaa zinazopigwa hapa Bagamoyo huwa zimeshaharibika kabla modeli hajaingia chumbani. Mpiga picha amejifunza kwenye video za Ulaya kwamba mwanga bora wa dirishani ni ule wa kaskazini. Basi mwezi Juni, saa sita mchana, anamketisha binti wa watu kwenye dirisha la kaskazini. Jua linampiga shavuni, macho yanafinyika, nusu ya uso inaungua na nusu inazama gizani, kisha inatolewa flashi eti isaidie. Binti anaondoka akiamini kwamba yeye ndiye asiyefaa kupigwa picha. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako, kwa sababu kosa hili linasahihishika bila kununua kitu chochote cha maana.

Kule Ulaya ushauri huo ni wa kweli. Jua lao la adhuhuri halipiti upande wa kaskazini hata siku moja, ndiyo maana wachoraji wao walijenga karakana zenye madirisha makubwa yanayotazama huko. Bagamoyo iko nyuzi sita na ushei kusini mwa ikweta. Hapa jua hutukalia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, yaani Machi mpaka Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki liko kusini. Dirisha lenye kivuli linahama. Mtu wa pwani hahitaji dira kulijua: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, tumia dirisha la kusini; wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, tumia la kaskazini. Upepo unakoingilia ndiko kwenye mwanga tulivu.

Ubaya wake ni kwamba upepo huohuo unapeperusha pazia, na pazia likicheza, mwanga nao unacheza usoni; picha mbili zilizofuatana hazilingani. Kwa hiyo usitundike pazia. Vuta kitambaa cha bafta nyeupe au chandarua cheupe kikuukuu juu ya fremu, ukibane kwa pini pembe zote nne na katikati ya kila pindo. Kitambaa cha amerikani kina umanjano, kiwekwe mbali na dirisha. Chandarua cha buluu kisitumike kabisa: rangi yake inakaa kwenye weupe wa macho na haitoki vizuri hata kwenye kompyuta.

Madirisha yanayotazama baharini yana jua asubuhi, lakini kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na nusu ni mazuri kuliko yote, maana anga la mashariki linakuwa limetulia na bahari inarudisha nuru. Ya magharibi yafanyie kazi asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe angalia na ukuta wa jirani. Ukuta uliopakwa chokaa na kupigwa na jua ng'ambo ya uchochoro ndio unaokuwa taa yako, na ni taa nzuri sana. Ukiwa umepakwa kijani, modeli wako atatoka na shavu la kijani. Hilo halidanganyiki kwa kurekebisha kamera tu, kwa sababu upande wa pili wa uso haukuguswa na kijani hicho. Zima pia taa ya chumbani. Mwanga wa balbu na wa dirisha havipatani kwenye ngozi.

Nyumba za mawe ya matumbawe zina kuta nene na madirisha yaliyozama ndani, hivyo nuru hufifia upesi. Ukimsogeza mtu kutoka mita moja hadi mbili unaweza kubaki na robo ya mwanga. Kiti kikae kama mita moja kutoka dirishani, na kisikabiliane na katikati ya dirisha bali ukingo wake, ili nuru impitie modeli kwa ubavu. Mpiga picha asimame na bega lake ukutani, upande uleule wa dirisha. Akilipa dirisha mgongo, uso wa modeli unakuwa bapa kama sinia, na kivuli chake mwenyewe kinamwangukia. Dirisha likianzia chini karibu na sakafu, ziba sehemu ya chini mpaka usawa wa kifua kwa kaniki, la sivyo nuru itapanda kutoka kidevuni na kumpa mtu sura ya mzuka. Kaniki nyingine iwe tayari upande wa pili kwa mwenye kutaka kivuli kizito, na shuka jeupe, mita moja hivi kutoka shavuni, kwa asiyekitaka. Wachoraji watakaochora kutokana na picha hizo waliache shuka. Wanahitaji kivuli chenye upande mmoja.

Kamera haina mengi. Lenzi ya milimita 50, umbali wa mita moja na nusu au mbili, uwazi wa lenzi f/4 ikiwezekana, kasi isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kwa sababu modeli mpya hutetemeka kidogo bila kujijua. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800; punje chache kwenye picha hazimdhuru mtu. Wapenda f/1.8 wakumbuke kwamba kwa umbali wa mita moja eneo lililo kali, lisilo na ukungu, ni kama sentimita nne tu. Akivuta pumzi, jicho limetoka kwenye eneo hilo. Mwenye simu arudi nyuma mita mbili na akuze picha (zoom) mara mbili, maana akimsogelea mtu, pua inakua.

Linalotuuma zaidi ni ngozi. Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaa kwenye picha, kamera inaongeza mwanga, ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Ukuta mweupe ukiwa nyuma yake, inapunguza, na uso unapotea. Pima nukta moja tu, kwenye shavu linalotazama dirisha, kisha punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Kwenye simu gusa shavu hilo, shikilia, shusha mwanga mpaka ule mng'ao wa kwenye paji usiwe mweupe mtupu. Na zima kile kirembeshaji cha uso kinacholainisha na kung'arisha bila kuulizwa! Ngozi nyeusi haichorwi na kivuli peke yake, huchorwa na mng'ao: dirisha zima linajiona kwenye mfupa wa shavu na kwenye mtulinga. Poda inaua hilo. Jasho likandamizwe kwa karatasi laini, lisifutwe, na matone mawili ya mafuta ya nazi begani yanatosha.

Modeli wa mara ya kwanza aelezwe mapema avae dera au kanga iliyolegea tangu saa moja kabla, kwa kuwa alama za lastiki na mikanda hukaa muda mrefu kwenye ngozi. Awe ametimiza miaka 18, awe amekula, na aje na dada au shangazi yake akitaka. Msindikizaji huyo akae humohumo chumbani. Mkao wa kwanza usizidi dakika tano, na mkao wa kukunja magoti usipite kumi, mguu utakufa ganzi. Weka chaki sakafuni kuzunguka nyayo zake ili arudi palepale baada ya kupumzika. Usimguse. Onyesha kwa mwili wako mwenyewe. Wala usiseme kushoto na kulia, maana kushoto kwako ni kulia kwake na hapo ndipo anapoanza kuona aibu. Sema hivi: "Dada, pua dirishani kidogo. Kidogo tena. Mkono wa ukutani ushike pindo la kanga. Hapohapo, shusha pumzi." Anaposhusha pumzi mabega yanashuka, na pembetatu ndogo ya nuru inatokea chini ya jicho la upande wa kivuli. Piga hapo. Mwonyeshe picha mbili tatu baada ya robo saa, si kila baada ya kubofya, kwani atakayejitazama kila dakika ataanza kuigiza.

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili kabla kamera haijatoka mfukoni: picha ni za nini, zitaonyeshwa wapi, malipo ni kiasi gani. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla hajaondoka, akae achague zipi zifutwe, zifutwe mbele yake kwenye kadi, kwenye nakala ya mtandaoni, na kwenye lile folda la vilivyofutwa ambako simu huzihifadhi siku 30 au zaidi.

Wapiga picha wa Mji Mkongwe,
Bagamoyo