Mechi ya watoto Jumamosi, Mikindani

Wazazi na walezi, habari za jioni.

Jumamosi watoto wetu wa chini ya miaka 12 wanacheza Mikindani. Tukutane Shangani saa 7:30 mchana, mpira unaanza saa 9:00 alasiri.

1. Mchango sh 3,000 kwa mtoto: nauli, maji na machungwa ya mapumziko.
2. Nahitaji wazazi wawili wa kukaa na watoto garini.
3. Jezi zifuliwe. Namba 4 na 9 bado zina matope ya mechi iliyopita!

Kuhusu ubishi wa jana humu, kama wacheze watoto wote au wale wa kutupa ushindi tu: kila mtoto atacheza angalau kipindi kimoja, tuwe tunaongoza au tumefungwa. Ushindi nautaka, siwafichi. Ila mtoto anayekalishwa benchi kila wiki mwisho anaacha mpira kabisa. Akhwari wetu, mkimbiaji wa Tanzania, alimaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, mguu umefungwa bandeji, na bado tunamtaja. Aliyeshinda ni Mamo Wolde wa Ethiopia. Wangapi humu wanamjua? (Kocha, najua, wote wawili walikimbia ili washinde.)

Tafadhali andika NDIYO na jina la mtoto kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nijue tukodi gari la ukubwa gani. Asanteni sana.