Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Uliopita na Suala la Carey Francis

Walimu wenzangu wastaafu,

Ya fedha nayapitia haraka. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina ana nakala za kila anayetaka. Paa la ukumbi halivuji tena. Mikopo ya dharura imerudishwa, isipokuwa michache ambayo wenyewe wanajijua.

Kilichotutoa jasho ni pendekezo la kukipa chumba chetu cha kusomea, hapa Kisumu, jina la Edward Carey Francis, mwalimu Mwingereza wa enzi za ukoloni. Kuna wazee wawili humu ambao hadi leo hawasalimiani kwa sababu hiyo.

Wanaomtetea wana hoja. Aliacha kufundisha hisabati Cambridge, akaja kuwa mkuu wa shule ya Maseno mwaka 1928. Mwaka 1940 akahamia shule ya Alliance, kule Kikuyu, akaiongoza hadi 1962. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikwenda Pumwani, Nairobi, kufundisha kama mwalimu wa kawaida, hadi alipofariki mwaka 1966. Wangapi kati yetu tuliowahi kuwa wakuu wa shule tungekubali kushika chaki chini ya mkuu mwingine? Mimi simo.

Wanaompinga nao hawasemi uongo. Nidhamu yake ilinuka kambi ya jeshi, alikopitia ujanani. Mau Mau aliipinga waziwazi, na uhuru aliuona kama jambo ambalo Mwafrika angelifikia polepole, Mzungu akimwangalia.

Ninachokataa ni hoja kwamba bila yeye tusingepata viongozi. Ni kweli Jaramogi Oginga Odinga alisoma Maseno, na Achieng Oneko pia. Lakini wanafunzi wa Maseno waligoma mwaka 1908, wakikataa kushikishwa majembe na kudai wafundishwe kusoma na kuandika. Hiyo ni miaka 20 kabla yake. Ukakamavu haukushuka naye melini.

Pendekezo langu: chumba kisiitwe kwa jina lake. Picha yake itundikwe humo, na chini yake yaandikwe yote, Pumwani na Mau Mau, pamoja na mgomo wa 1908.

Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu. Mwenye hoja tofauti aiwasilishe kwa katibu kwa maandishi, asinipigie simu usiku wa manane. Na katiba yetu iko wazi: asiyelipa ada ya mwaka hapigi kura.

Mwenyekiti